Kutoa kucha za jeli nyumbani bila kuumiza kucha zako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu akija kwangu na kucha nyembamba kama karatasi, huwa anailaumu jeli. Nikimuuliza ilitokaje, anaangalia pembeni: ilianza kuachia, akaivuta akiwa kwenye daladala. Kwa jinsi ninavyoiona kazi hii, jeli haina makosa mengi. Ukucha huharibikia kwenye kutoa. Majibu haya ni ya yule anayetaka kuitoa mwenyewe, nyumbani, na ana saa moja ya kukaa bila kushika simu. Kama leo huna saa hiyo, acha mpaka kesho.

Nitajuaje nilichowekewa ni kitu gani?

Swali hili linatangulia yote, kwa sababu siku hizi karibu kila kitu kinachong'aa kidoleni kinaitwa jeli, na havitoki kwa njia moja. Muulize fundi aliyekuwekea. Kama humpati, kumbuka alivyofanya.

Alipaka rangi ya chupa yenye brashi juu ya ukucha wako mwenyewe, na kila tabaka ukaingiza mkono kwenye taa? Hiyo ni rangi ya jeli, na ndiyo rahisi kuliko zote: inalainika kwa asetoni. Alichukua ukucha mzima uliokwisha kuchongwa, akaubandika kwa jeli na kuumulika kwa taa? Huo nao kwa kawaida hutoka kwa asetoni, ila unahitaji muda zaidi. Alichovya brashi kwenye kimiminika chenye harufu ya kujaza chumba, akachota unga, na kikakauka bila taa? Ni akriliki. Lakini kama alichota jeli nzito kutoka kwenye kikopo na kuijengea urefu juu ya karatasi maalumu iliyobandikwa chini ya ncha ya kidole, huenda ni jeli ngumu, na hiyo hata ukiiloweka kutwa haiyeyuki.

Ukibaki na shaka, jaribu kidole cha mwisho peke yake. Fuata hatua zilizo hapa chini kwa ukucha huo mmoja, na baada ya dakika 20 utakuwa na jibu. Ikijikunja na kulainika, endelea na vingine. Ikibaki ngumu kama ilivyokuwa, nenda kwenye swali la jeli ngumu.

Imeshaanza kuachia yenyewe pembeni. Kwa nini nisiivute tu?

Kwa sababu palipoachia ni pembeni tu. Milimita moja mbele bado imeshika, tena imeshika vizuri. Ukucha umejengwa kwa matabaka membamba ya keratini yaliyolaliana, na jeli imeng'ang'ania tabaka la juu kabisa. Ukivuta, jeli haikubali kuachana na tabaka hilo, inaondoka nalo. Geuza kipande ulichokivua ukiangalie kwa chini: yale maganda meupe ni ukucha wako.

Na ukucha hauponi kama kidonda kinavyopona. Sehemu unayoiona haina uhai, haiwezi kujiziba. Inachoweza ni kusukumwa mbele na ukucha mpya mpaka uikate. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo kutoka shinani hadi nchani ni kama miezi sita. Wa mguu ni mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Raha ya kuvuta ni ya sekunde chache.

Uzi wa kusafishia meno, kadi ya benki, ncha ya kisu, meno yenyewe: vyote hivi ni kuvuta kwa jina lingine. Video zinazoonyesha uzi ukipita chini ya jeli na ukucha wote ukang'oka mzima, safi, hazikuonyeshi kidole kesho yake.

Kama kipande kilichoachia kinanasa kwenye nywele au kwenye mtandio, kikate kwa kikata kucha mpaka pale kilipoanza kushika, lainisha ukingo kwa tupa, kisha subiri siku ya kutoa zote.

Nahitaji vitu gani?

Asetoni safi. Siyo ile rimuva ya kawaida yenye rangi ya waridi na harufu ya matunda. Nyingi ya hizo zimechanganywa na maji na mafuta, na nyingine hazina asetoni kabisa. Zinatoa rangi ya kawaida lakini jeli haiziogopi. Soma chupa. Maduka ya vipodozi ya jumla, kama yale ya Kariakoo, huuza asetoni kwa chupa kubwa kwa sababu mafundi wenyewe wananunua hapo.

Pamba, karatasi ya foili ile ya kufungia chakula, mafuta ya mgando, tupa ya kucha ya namba 180 na nyingine laini ya 240, kikata kucha, kijiti cha mti cha kusukumia ngozi ya ukucha, na taulo ya zamani ya pamba. Usinunue kisukumio cha chuma kwa kazi hii. Chuma kinakupa nguvu usiyoihitaji, na kinachimba ukucha uliokwisha kulainika kabla hujahisi.

Waliozoea kufungia vidole kwa vipande vya rambo wameshalazimika kubadilika, maana mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania bara mwaka 2019. Hamkupoteza kitu. Foili inabaki ilivyokunjwa, haipitishi asetoni, na inatunza joto la kidole, jambo linaloharakisha kazi. Klipu za plastiki zinazouzwa kwa ajili hii nazo ni sawa kama zinabana bila kuumiza.

Angalizo kuhusu meza: asetoni hutoa vanishi ya mbao, huchafua fremu za miwani na kava za simu, na huyeyusha baadhi ya plastiki. Vile vyombo vyeupe vyepesi vya kufungia chipsi hunywea mbele ya macho yako. Mimina kwenye bakuli dogo la kioo au la udongo, na tandika taulo.

Basi nielekeze, hatua kwa hatua.

Fungua dirisha. Nawa mikono, ikaushe. Kama umerefusha kucha, kata urefu kwanza, kidogo kidogo kutoka pembeni kuingia katikati. Ukikibana kikata kucha katikati kwa mkupuo mmoja, ukucha wa bandia hupasuka kwa urefu na ufa unaweza kwenda mpaka kwenye wako.

Kisha chukua tupa ya 180 ukwangue ule mng'ao wa juu. Watu wanairuka hatua hii kisha wanasema asetoni yao ni feki. Tabaka la juu la jeli limetengenezwa lisipenywe kirahisi, ndiyo maana linadumu wiki tatu ukifua na kuosha vyombo. Ukiliacha zima, asetoni itakaa juu yake ikikauka. Kwangua mpaka pote pafifie, pasiwe na hata doa linalong'aa, hasa pembeni na karibu na shina. Ukiona rangi imekonda na ukucha wako unaanza kuchungulia, acha hapo hapo. Ukihisi joto, inua tupa usubiri. Joto ni dalili kwamba unasugua sehemu moja muda mrefu mno.

Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi inayozunguka ukucha na kwenye ncha ya kidole. Juu ya ukucha usipake, maana mafuta yataizuia asetoni. Kama yamegusa, futa.

Kata vipande vya pamba vyenye ukubwa wa ukucha, siyo vya kufunika kidole kizima. Chovya, kamua kidogo isidondoke, weka juu ya ukucha na bonyeza ili iguse kila mahali. Funga kwa kipande cha foili, kibane kwenye ncha. Fanya mkono mmoja kwanza, ule usioutumia zaidi, ili mwingine ubaki wa kazi. Anayekwambia ufunge vidole vyote kumi kwa pamoja ana mtu wa kumsaidia.

Sasa kaa. Rangi ya jeli inahitaji dakika 10 hadi 15. Kucha nzima zilizobandikwa kwa jeli, 20 na kidogo. Akriliki huenda nusu saa au zaidi, na hapo itabidi uongeze asetoni katikati kwa sababu pamba inakauka.

Muda ukifika fungua kidole kimoja tu. Vingine viache vimefungwa, maana jeli iliyolainika ikikaa kwenye hewa asetoni inaruka na jeli inakakamaa tena. Jeli iliyo tayari utaijua: imejikunja, imepasukapasuka, imejiinua. Laza kijiti na uisukume kutoka shinani kuelekea nchani. Inatakiwa iteleze. Kama inabidi ubonyeze, bado. Rudisha pamba mpya yenye asetoni, funga, ongeza dakika tano. Rudia mara mbili, mara tatu ikibidi. Hakuna zawadi ya kumaliza haraka.

Vidoa vidogo vya tabaka la chini vikibaki, pitisha tupa laini ya 240 mara chache kwa mkono mwepesi. Halafu nawa kwa sabuni, kausha, na paka mafuta kwenye kucha na ngozi yake. Ya nazi, ya nyonyo, ya zeituni, yoyote uliyo nayo jikoni.

Kwa nini nisiloweke vidole kwenye bakuli? Saluni nyingine wanafanya hivyo.

Inafanya kazi, lakini unaloweka na ngozi ambayo haina kosa. Asetoni inanyonya mafuta yote ya ngozi: vidole vinakuwa vyeupe, vinakauka, na kwa mwenye pumu ya ngozi vinaweza kupasuka. Bakuli lililo wazi pia linatoa harufu kuliko pamba iliyofungwa, na linamaliza chupa yako. Kwa akriliki nene sana naelewa mtu akichagua bakuli. Kwa rangi ya jeli, hapana.

Nimekaa dakika 15 na haijatikisika. Shida ni nini?

Mara nyingi ni mng'ao wa juu uliobaki. Simamisha hesabu ya muda, kwangua upya, anza tena. Pili, angalia chupa: kama haijaandikwa asetoni safi, huenda una rimuva. Tatu, pamba ilikauka kwa sababu foili haikubana. Nne, baridi. Chumba chenye kiyoyozi, au Arusha na Nairobi mwezi wa saba, vinapunguza kasi ya asetoni. Weka mikono iliyofungwa chini ya blanketi au juu ya taulo iliyopashwa moto kwa maji ya birika.

Kama ni akriliki, na baada ya dakika 40 za asetoni safi imebaki kavu na ngumu, unaweza kuwa umewekewa ile iliyochanganywa kwa kimiminika cha bei rahisi cha methyl methacrylate, kwa kifupi MMA. Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa ilianza kuchukua hatua dhidi ya bidhaa za kucha zenye MMA tupu miaka ya 1970 baada ya malalamiko ya kucha kuharibika na ngozi kuwaka. Inashika mno: ukigonga ukucha mlangoni, cha bandia hakivunjiki, kinachong'oka ni chako. Hiyo usipigane nayo nyumbani. Ikate fupi uende kwa fundi mwenye uzoefu.

Naweza kuipasha asetoni moto ili ifanye kazi haraka?

Usiipashe kwenye jiko la aina yoyote, wala kwenye maikrowevu. Asetoni huchemka kwenye nyuzi 56 tu, na mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya kuganda. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni, unakwenda mpaka kwenye jiko la mkaa lililo hatua chache kutoka ulipokaa. Kwa hiyo jikoni si mahali pa kazi hii hata kidogo. Umeme ukikatika katikati usiwashe mshumaa wala koroboi. Tumia tochi ya simu. Anayevuta sigara akavutie nje, na udi na ubani visubiri mpaka chupa ifungwe na chumba kipate hewa.

Ukitaka joto, lipeleke kwenye mikono iliyofungwa, kama nilivyosema: taulo yenye joto. Chupa ya asetoni iache ilivyo.

Asetoni haipatikani hapa nilipo. Nitumie thina? Petroli? Spiriti?

Thina ya rangi za magari na petroli, hapana. Vina kemikali zinazopenya ngozi na kuumiza, na moto wake ni balaa. Mafuta ya taa, vivyo hivyo, na hayatoi jeli. Spiriti na sanitaiza zinaondoa unatonato tu, jeli iliyokauka kwa taa inabaki. Soda, ndimu, siki na dawa ya meno zinazosifiwa mitandaoni zinakuchosha bure. Na asetoni yenyewe usiichanganye na kitu kingine kwa kudhani unaiongezea nguvu, hasa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe: mchanganyiko huo unatoa sumu.

Kama kweli hakuna asetoni, kata kucha fupi, kwangua unene kwa tupa ubaki na tabaka jembamba, na acha ukucha ukue. Kila wiki mbili unakata na kulainisha. Haipendezi, najua, lakini ukucha wako unabaki mzima.

Zangu ni za pakiti, nimebandika kwa gundi. Nazo nizitoe kwa asetoni?

Anza na maji. Loweka vidole kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji na matone ya mafuta ya kula, dakika 15 hadi 20, kisha jaribu kuinua kwa kijiti kuanzia ubavuni. Rudia mpaka ziachie. Hapa, tofauti na jeli, maji yanasaidia kweli kwa sababu gundi hizo hazipendi unyevu na joto. Zilizogoma, malizia kwa pamba ya asetoni na foili, ukijua kwamba plastiki yenyewe inaweza kugeuka ute mzito. Ni kawaida, futa uendelee.

Kama ulibandikiwa kwa supagluu ya dukani, ile ya kugandishia viatu, njia ni hiyo hiyo. Ila kuna jambo moja watu wengi hawalijui: supagluu mbichi ikigusana na pamba hutoa joto kali ghafla, kiasi cha kuunguza ngozi. Ikimwagika wakati wa kubandika, usikimbilie pamba wala kitambaa cha pamba. Suuza kwa maji mengi.

Fundi anasema yangu ni jeli ngumu. Nifanyeje?

Jeli ngumu hutolewa kwa kusagwa, hakuna dawa yake. Kwa mkono na tupa nyumbani inawezekana kupunguza unene na urefu, lakini sikushauri ufike mpaka kwenye ukucha. Bakiza tabaka jembamba, likue litoke.

Mashine ndogo za kusagia zinazouzwa mtandaoni zinawadanganya wengi. Ncha yake ya kusagia inazunguka haraka, mkono haujazoea, na ukitegea pembe vibaya unachonga mfereji mwekundu kwenye ukucha wenyewe, kwa kawaida karibu na shina. Mfereji huo utauona kwa miezi ukisogea mbele. Fundi mzuri hasagi mpaka mwisho hata yeye, anabakiza kidogo. Ukiona anasaga huku unarusha mkono kwa joto, mwambie asimame. Ni mkono wako.

Nimepangiwa upasuaji kesho, au natarajia kujifungua wiki hii. Lazima nitoe zote?

Waulize wauguzi wa hapo, maana utaratibu hutofautiana. Sababu ya kuambiwa utoe ni kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni hupima oksijeni kwa kupitisha mwanga, na rangi nzito au ukucha mnene unaweza kukichanganya. Pia mtoa usingizi anaangalia rangi ya kucha zako zikiwa wazi. Kama muda ni mdogo, toa jeli angalau kwenye kidole kimoja cha kila mkono. Na ukifika kabla hujatoa, sema mapema. Kifaa kinaweza kuwekwa sehemu nyingine, kwa mfano kwenye ndewe ya sikio. Kubandua kwa nguvu ukiwa njiani kwenda hospitali kunakupa vidonda vidogo kwenye vidole siku ambayo huvihitaji.

Kwa muuguzi au mkunga anayeuliza kwa upande wa pili: mwongozo wa usafi wa mikono wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unakataza kucha za bandia kwa anayemgusa mgonjwa, na unataka ncha za kucha za asili zisifike nusu sentimita.

Nimemaliza hedhi na nataka kuswali. Nitajuaje kwamba hakuna jeli iliyobaki?

Hili naulizwa sana, Zanzibar na Mombasa hasa, kwa sababu wengi huweka jeli siku za hedhi halafu wanashtuka siku ya kuoga. Udhu na josho vinataka maji yafike kwenye ukucha, na jeli inayazuia. Tatizo si rangi, unaiona ikitoka. Tatizo ni lile tabaka la chini lisilo na rangi.

Kagua kabla ya kupaka mafuta. Kausha kidole, kiinamishe dirishani. Ukucha mtupu uliopigwa tupa haung'ai. Palipobaki jeli patametameta. Pitisha pamba yenye asetoni juu yake kwa nusu dakika kisha gusa: jeli inanata, ukucha haunati. Angalia pembe mbili za karibu na ngozi na chini ya ncha. Na kama unajua utahitaji kutoa baada ya siku saba, mwambie fundi akupake rangi ya kawaida. Jeli ya wiki tatu kwa kazi ya wiki moja ni gharama ya pesa na ya ukucha.

Kwa familia zilizofiwa, njia ni hii hii kabla ya kuosha maiti: pamba, foili, subira, bila kukwaruza.

Kucha za miguu je?

Vivyo hivyo, ila kwa kuwa zinakua polepole, kosa lake linakaa muda mrefu. Mwenye kisukari au ganzi miguuni asijitoe mwenyewe.

Nina mimba. Nina pumu. Naweza?

Mjamzito anaweza kutoa kwa foili mara moja moja, kwenye hewa ya kutosha, barazani ikiwezekana. Mwenye pumu ambaye harufu kali humbana kifua amwachie mtu mwingine kazi, naye akae nje akinyoosha mkono. Kwa wote: vaa barakoa wakati wa kukwangua. Vumbi la jeli si la kuvuta.

Nimetoa salama, lakini kucha zina mabaka meupe na zinapindika. Nimeziharibu?

Mabaka meupe ya juujuu mara nyingi ni ukavu. Paka mafuta asubuhi na usiku, baada ya siku chache mengi yanafifia. Kupindika ni kwa sababu umezoea ukucha wenye koti nene. Zilizokonda kweli zinahitaji muda wa kukua. Zikate fupi, vaa glovu za mpira ukifua na kuosha vyombo, usizitumie kufungulia makopo. Dawa za kukazia kucha zenye fomalini zinazifanya zikaze halafu zivunjike, kwa hiyo mimi siziweki.

Vidonge vya biotini? Kwa mtu asiye na upungufu, ushahidi kwamba vinasaidia ni mdogo. Ukivitumia mwambie daktari kabla ya kipimo cha damu, kwa sababu dozi kubwa hupotosha baadhi ya majibu, yakiwemo ya tezi ya shingo na ya moyo.

Na lile la kuacha kucha "zipumue" halina msingi. Ukucha unalishwa na damu iliyo chini yake. Unaupumzisha kwa sababu umeumia. Kama haukuumia, unaweza kuweka nyingine hata leo. Uliokonda, uache mpaka sehemu mbovu isogee.

Wanaoniuliza kuhusu hina katika kipindi hicho: hina ya asili haina shida, inatia rangi tu na haizuii maji. Piko ni habari nyingine. Nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, na ngozi iliyotoka kulowekwa na asetoni ndiyo ya mwisho kupelekewa kitu hicho.

Ni lini niende hospitali badala ya kuuliza fundi?

Ukucha ukiwa umeachia nyama na chini yake pana kijani: hao kwa kawaida ni bakteria waliopenda unyevu ulionaswa chini ya jeli. Usifunike kwa rangi nyingine. Kata palipoachia, paache pakavu, na mwone daktari. Ngozi ya pembeni ikivimba, ikawa na joto na usaha, usisubiri.

Kuwashwa, malengelenge au ngozi kupasuka kuzunguka kucha, wakati mwingine hata kope kuvimba, kunaweza kuwa mzio wa kemikali za jeli ambazo hazikukauka vizuri. Chama cha madaktari wa ngozi cha Uingereza kilitoa onyo kuhusu mzio huu mwaka 2018, na Umoja wa Ulaya tangu 2021 unataka bidhaa za kucha zenye HEMA, mojawapo ya kemikali hizo, zitumiwe na mafundi tu. Ukishaupata, kwa kawaida hauondoki, na kemikali za jamii hiyo zimo pia kwenye vizibio vya meno na saruji ya kushikilia viungo bandia. Kwa hiyo usijilazimishe kuweka tena kwa sababu ya harusi. Mwambie daktari wa meno.

Jambo la mwisho ni mstari mweusi. Kwa watu weusi, mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida. Lakini mstari mmoja, mpya, unaopanuka au kumwaga rangi kwenye ngozi ya shina, upelekwe hospitali. Bob Marley aligunduliwa saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki Mei 1981. Anayefuatanisha jeli juu ya jeli mwaka mzima haoni kucha zake. Kila ukitoa, zitazame kwanza kwenye mwanga wa jua.

Asetoni iliyobaki na pamba zilizotumika nizipeleke wapi?

Kilichobaki kwenye bakuli usikirudishe kwenye chupa, kimeshachafuka. Kiache nje, mbali na moto na watoto, kitaruka chenyewe. Pamba nazo zianike nje zikauke kabisa kabla ya kuzitupa, na zisiende kwenye takataka zinazochomwa uani zikiwa bado mbichi. Chupa ifunge kwa nguvu, iweke juu, na isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mwahishe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kwa daktari.